Uchovu wa saa tisa: jinsi ya kurudisha nguvu mwilini kama kazi yako ni ya kukaa

Kama kazi yako ni ya kukaa, yaani duka, ofisi, kibanda cha kutuma pesa, kuendesha gari ama kushona kama mimi, na ikifika saa tisa mchana macho yanakuwa mazito unatafuta soda ndio ufike jioni, basi hii ni yako. Mimi ni fundi cherehani hapa Busia upande wa Uganda, nimeshona miaka kumi na tisa, na neno ambalo nalisikia kila siku kutoka kwa wateja wakati nawapima ni "fundi, sina nguvu siku hizi". Na ukiwaangalia hawajalima, hawajabeba kitu, wamekaa tu kutoka asubuhi.

Nataka niseme hivi kabla sijaenda mbali: huo uchovu kwa wengi wetu si wa kazi nyingi, ni wa misuli kupungua na mafuta kujaa tumboni, na vyote viwili unaweza kuvigeuza bila kulipa jim. Unahitaji uzi, jerikeni na viatu ambavyo havikubani.

Nimejuaje? Daftari. Nina daftari la vipimo la wateja, kila mtu na ukurasa wake, kiuno, nyonga, paja, mabega, mkono wa juu. Kuna mteja wangu mmoja mwalimu, alikuja mara ya kwanza 2015 kiuno inchi 34, paja 23, mkono wa juu 13. Akarudi 2022 anataka suti ya harusi, akaniambia fundi tumia tu vipimo vya zamani, kilo zangu hazijabadilika, ni 78 zile zile. Nikamwambia ngoja nipime. Kiuno 38 na nusu, paja 21, mkono 12. Kilo ni zile zile kweli, lakini suruali yake ya zamani haifungi mbele na huku pajani inapwaya kama bendera. Mizani inasema hakuna kilichotokea, futi inasema mtu amebadilika kabisa.

Hicho ndicho watu wa afya wanakiangalia wakisema mwili umeundwa na nini, yaani katika hizo kilo 78 misuli ni ngapi, mafuta ngapi, mifupa na maji ngapi. Mizani haijui kutofautisha. Na mafuta yanachukua nafasi kubwa kuliko misuli kwa uzito ule ule, ndio maana mtu anaweza kupanuka bila kuongeza hata kilo moja. Kuanzia miaka kama thelathini, mtu asiyetumia misuli yake anapoteza kati ya asilimia 3 na 8 ya misuli kila miaka kumi, na baada ya sitini inakwenda kasi zaidi. Inaondoka polepole hata husikii, unasikia tu ngazi zimekuwa ndefu.

Sasa mtu ataniambia, lakini sisi Uganda ndio tunaongoza dunia kwa kujituma. Ilikuwa kweli! Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitoa utafiti wa nchi 168 na Uganda ilikuwa juu kabisa, asilimia 5.5 tu ya watu wazima ndio hawakufikisha kiwango cha kutumia mwili, wakati Kuwait walikuwa 67. Lakini angalia hiyo ilitoka wapi. Ilitoka kwa jembe, kwa kuchota maji, kwa miguu na baiskeli. Ukihamia mjini ukapata stuli na kivuli, hiyo asilimia haikuhusu tena.

Hapa Busia tunayo picha yake wazi. Neno boda boda lilizaliwa mpakani hapa, miaka ya sitini, vijana walikuwa wanabeba watu kwa baiskeli kutoka boda moja hadi nyingine. Sa hii ni pikipiki. Nimewahi kupima baba na mtoto siku moja kwa ajili ya kanzu za kwanjula, yaani sherehe ya utambulisho kabla ya ndoa, mzee alipiga baiskeli ujana wake wote na mpaka leo anaendesha kwenda shambani, kiuno 31, kijana wake ana miaka thelathini na kitu yuko kwenye pikipiki tangu amalize shule, kiuno 39, na ndiye aliyeomba kiti. Kazi ni ile ile, jina ni lile lile, injini ndio imehama kutoka miguuni kwenda kwenye petroli.

Na mimi yalinipata hivyo hivyo. Nilikuwa nashonea cherehani ya miguu, kukanyaga asubuhi mpaka jioni, halafu 2017 nikafunga mota, kazi ikaenda haraka, nikafurahi sana. Baada ya miaka minne gomesi zangu mwenyewe, yale magauni marefu ya mshipi ya kina mama wa Uganda, nilikuwa nimezilegeza mara mbili, naamka nimechoka, na siku nimesindikiza dada yangu kliniki nikapimwa tu na mimi, presha 152 kwa 96. Nikaambiwa nirudi nipimwe tena siku nyingine mbili kabla hawajaamua, nikarudi, ikawa juu siku zote. Hapo ndipo nilianza kutafuta kuelewa.

Ndani ya kila seli ya misuli kuna vitu vidogo vinaitwa mitokondria, chukulia ni majiko. Chakula kinachomwa humo ndio unapata nguvu ya kutembea na kuinua. Ukitumia misuli, majiko yanaongezeka, ukikaa yanapungua. Kwa hiyo mtu anayekaa ili "atunze nguvu" anazima majiko yake moja moja. Pia misuli ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini, umekula posho (ugali) na maharage sukari inapanda kwenye damu, inatakiwa iingie kwenye misuli, na misuli inayofanya kazi inafungua mlango yenyewe inavuta sukari hata kama insulini yako, ile homoni inayoingiza sukari kwenye misuli, imechoka. Isiyofanya kazi imefunga mlango. Ndio unaona mtu amekula chakula kingi cha mchana halafu baada ya saa moja kichwa kiko juu ya meza.

Mafuta ya tumboni nayo si mzigo tu wa kubeba. Mafuta ya mapajani na makalioni hayana makelele mengi, lakini yale ya ndani yanayozunguka ini na utumbo yanamwaga mafuta moja kwa moja kwenye ini, insulini inashindwa kufanya kazi yake, sukari inapanda, presha inapanda. Ndio maana kina mama wenye nyonga kubwa na kiuno chembamba mara nyingi wako salama kuliko mwanaume mwembamba wa miguu mwenye tumbo gumu la mbele.

Na uchovu wenyewe unaingiaje? Fikiria jerikeni ya lita 20, ni kilo 20. Kama mwili wako ukijikaza sana unaweza kuinua kilo 60, hiyo jerikeni ni theluthi ya uwezo wako, unabeba unaongea. Kama uwezo wako umeshuka mpaka kilo 25, jerikeni hiyo hiyo imekula karibu uwezo wote. Maji hayajaongezeka. Hivyo hivyo na ngazi, na kufua, na kusimama kwenye foleni. Kila kitu cha siku kinakuwa kizito kwa sababu wewe umepungua, halafu jioni unasema nimechoka na kweli umechoka.

Lakini tafadhali usianze na jerikeni kabla hujapimwa, hili nalisema kwa moyo wote kwa sababu si kila uchovu ni wa kukaa. Damu ikipungua unachoka, hasa kina mama wenye hedhi ya siku nyingi na waliojifungua juzi. Malaria, sukari, usingizi mbaya, mimba, vyote vinachosha. Ukikohoa wiki mbili na unapungua bila sababu nenda ukapimwe TB, hiyo si ya mazoezi. Kama una sikoseli, ama kifua kinabana ukipanda mlima, ama presha iko juu sana, ongea na daktari kwanza akuambie uanzie wapi. Kupima presha na sukari na damu ni asubuhi moja tu.

Haya, kipimo. Chukua uzi usiovutika, wa katani ama kamba nyembamba, si lastiki. Simama bila viatu mgongo kwenye ukuta, mtu akanyage ncha moja kwenye kisigino chako apandishe mpaka juu ya kichwa, akate hapo. Huo ni urefu wako. Ukunje katikati, sasa una nusu ya urefu wako. Zungusha kiunoni kwenye ngozi, si juu ya nguo, katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa juu wa nyonga, wengi ni karibu na kitovu. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, nawaona mkifanya hivyo dukani kwangu na suruali inakuja kuwabana. Kama ncha mbili zinakutana, kiuno chako hakijapita nusu ya urefu wako, uko vizuri. Kama hazikutani, hapo una kazi. Mjamzito huyu uzi si wake.

Ukitaka namba, wanaume waangalie inchi 37, hiyo ni sentimita 94, kina mama inchi 31 na nusu, sentimita 80, ukipita hapo hatari ya sukari na presha inaanza kupanda. Na wanaume, msiniambie "mimi navaa 34". Mwanaume akiota tumbo anashusha mkanda chini ya tumbo, suruali inabaki 34 miaka kumi huku kiuno chenyewe ni 41. Nimeyaona hayo mara nyingi kuliko naweza kuhesabu. Kwa kina mama gomesi inafanya hivyo hivyo, kitambaa ni kingi na mshipi unafungwa popote, huwezi kujua. Uzi ndio unajua.

Sasa kufanya. Anza na kutembea baada ya kula, dakika kumi tu, ukimaliza cha mchana usirudi kwenye kiti, zunguka hata mtaa mmoja. Hilo peke yake lilinipunguzia ule usingizi wa saa tisa kuliko soda yoyote, na nilisikia tofauti kama wiki ya pili. Kiwango kinachopendekezwa ni dakika 150 mpaka 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, yaani mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukigawanya 150 ni nusu saa siku tano, na si lazima iwe mara moja, kumi kumi tatu ni sawa. Ukienda sokoni kwa miguu uharakishe kidogo, imeingia hesabu. Kama kazi yako ni ya kukaa simama kila baada ya nusu saa, mimi nikimaliza shati nasimama nalitundika mwenyewe, simtumi mtoto.

Kutembea peke yake hakurudishi misuli lakini, na hapa ndipo wengi wanakosea, hasa kina mama wenzangu, wanatembea mwaka mzima wanashangaa mikono bado imelegea. Misuli inataka uzito, angalau siku mbili kwa wiki. Na uzito tunao nyumbani.

Chukua jerikeni ya lita 20, weka maji nusu, hiyo ni kilo kumi. Isimamishe katikati ya miguu, miguu imeachana kama upana wa mabega. Sasa sukuma makalio nyuma, kama vile unafunga mlango kwa makalio kwa sababu mikono imejaa sahani, magoti yakunje kidogo, mgongo unyooke usipinde kama mtu anayepalilia. Shika kishikio kwa mikono miwili, kaza tumbo, kanyaga ardhi kwa nguvu na visigino, simama wima. Shusha polepole kwa njia ile ile. Ukisikia kazi iko nyuma ya mapaja na makalio umepatia, ukisikia kiunoni tu umekosea, punguza maji uanze tena. Fanya mara 8 mpaka 12, pumzika dakika mbili, rudia mpaka raundi tatu. Siku ambayo 12 zinakuwa rahisi ongeza jagi moja la lita moja, ni kilo moja, na huo ndio ufundi wote, kuongeza kidogo kidogo. Mimi nilianza na lita 8 na ilinichukua miezi mitano kufika kwenye jerikeni iliyojaa.

Nyingine ni kukaa na kusimama kwenye stuli bila kushika kitu, mara kumi, raundi tatu, ukiwa na magoti mabovu tumia kiti kirefu. Na kusukuma mwili, mimi nasukuma kwenye meza ya kukatia nguo kwa sababu sakafuni sikuweza, anza ukutani, nenda mezani, halafu sakafuni ukiwa tayari. Usiseme umri umepita, mnakumbuka Aprili 2020 wakati wa lokdauni Rais Museveni alijirekodi ofisini kwake anakimbia na kupiga pushapu 30, na alikuwa na miaka 75. Ya mwisho ni kubeba, jerikeni mbili ndogo moja kila mkono, tembea hatua 30 uani, rudi. Yote inaisha kwa dakika 25.

Maumivu ya misuli siku ya pili ni kawaida, yanaisha. Maumivu makali ndani ya goti ama bega si kawaida, acha hilo zoezi. Mimi mwanzoni niliruka kutembea nikaanza kukimbia kwenye lami na uzito wangu wote, goti likavimba wiki tatu, nikapoteza mwezi mzima. Kimbia baadaye kama unataka.

Chakula sitaongea sana kwa sababu kila mtu ana jiko lake, ila mambo mawili yana uzito. La kwanza, ukijinyima sana unapoteza misuli pamoja na mafuta, kilo zinashuka unafurahi, halafu unarudi umelegea kuliko mwanzo. Nilishanunua chai ya kupunguza tumbo kwa mtu aliyepita dukani, kilo tatu ziliondoka kwa wiki moja, zote chooni, ni maji, futi haikusogea hata robo inchi na nilikuwa natetemeka mikono nashindwa kutunga uzi. Usinunue. La pili, misuli inajengwa na protini na sahani zetu nyingi ni posho ama matoke mlima mzima na mchuzi pembeni. Geuza, maharage yawe mengi posho ipungue, ongeza dodo (mchicha) ama sukuma. Mtu wa kilo 70 anayefanya mazoezi ajaribu kufika gramu 80 na kitu za protini kwa siku, yai moja ni kama gramu 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15, na mukene mkavu, yaani dagaa, ndio bei rahisi kabisa, weka kwenye mchuzi wa karanga kila siku ukitaka. Asubuhi badala ya chai na mandazi matatu, kula mayai mawili na kiporo cha maharage. Roleksi, yaani chapati iliyokunjwa na mayai, si dhambi, omba mayai mawili chapati moja mafuta kidogo. Soda ya nusu lita ina sukari zaidi ya vijiko kumi vya chai, hiyo ndiyo ya kwanza kuacha.

Usitegemee mizani ikupe moyo. Miezi miwili ya kwanza kilo zangu zilisogea moja tu, ningekuwa na mizani peke yake ningeacha, lakini kiuno kilikuwa kimetoka inchi 37 mpaka 35 na nusu na mkono wa juu umekaza. Presha ilishuka polepole, sa hii inakaa 130 na kitu, na dawa sikuacha mwenyewe, daktari ndiye aliyepunguza, na wewe usije ukaacha yako kwa sababu umesoma hapa. Kingine ambacho sikutegemea ni usingizi, nalala nikigusa mto.

Pima kiuno tarehe moja ya kila mwezi asubuhi kabla ya chai, funga fundo kwenye uzi pale kilipofika. Mafundo yakianza kusogea ndani unajua kazi inaenda. Yakikaa mahali pamoja miezi miwili, angalia kama jerikeni bado ina maji yale yale ya mwanzo, mara nyingi tatizo liko hapo, mtu amezoea uzito na hajaongeza.

Na ukiugua malaria ukalala wiki nzima, ama kumekuwa na msiba mkasafiri, usirudi na jerikeni uliyoachia. Mwaga nusu ya maji, fanya raundi moja siku ya kwanza, mbili siku ya pili, na ongeza jagi jagi. Misuli iliyowahi kuwepo inarudi haraka kuliko ilivyojengwa mara ya kwanza, mimi baada ya wiki mbili nilikuwa nimefika pale pale.